Sura ya Nne: Mnunuzi Asiyeweza Kuacha Kununua

Bidhaa nyingi humwachia mnunuzi nafasi ya kukataa. Mafuta ya kupikia yakipanda bei, familia hupunguza vitu vya kukaanga na kuchemsha zaidi; nauli ikipanda, mtu huahirisha safari au hutembea kwa miguu; na kukataa huko, kunapofanywa na watu wengi kwa wakati mmoja, ndiko kunakomlazimu muuzaji kushusha bei. Mtu mwenye ugonjwa sugu, yaani ugonjwa usiopona ambao hudhibitiwa kwa matibabu ya kila siku hadi mwisho wa maisha, hana nafasi hiyo. Yeye hurudi dukani kila mwezi, bei iwe imepanda au imeshuka, na kinachoweza kumlinda ni kuwepo kwa wauzaji wengine, dawa nyingine na mahali pengine pa kutibiwa. Kwa sababu hiyo kupanda kwa gharama na kupungua kwa machaguo, mambo ambayo mara nyingi hujadiliwa kana kwamba hayahusiani, yanapaswa kutazamwa kama jambo moja, na hakuna dawa inayolionyesha jambo hilo waziwazi kuliko insulini.

Insulini ni homoni, yaani kemikali inayotengenezwa na mwili ili kuendesha kazi fulani, na kiungo kinachoitengeneza ni kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo. Kazi yake kuu ni kuiwezesha sukari iliyomo kwenye damu kuingia katika seli za mwili ili itumike kama nguvu. Katika kisukari cha aina ya 1, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kinga ya mwili hushambulia seli zinazotengeneza homoni hiyo hadi uzalishaji wake unakaribia kukoma kabisa. Katika kisukari cha aina ya 2, ambacho ndicho cha watu wengi zaidi, insulini ipo lakini haitoshi au mwili hauitikii ipasavyo, na baadhi ya wagonjwa hao nao hufikia hatua ya kuhitaji sindano. Mwenye aina ya 1 akikosa insulini, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta kupita kiasi na damu hujaa asidi, hali iitwayo ketoasidosi, ambayo huweza kumuua ndani ya siku chache. Dawa hii hupimwa kwa uniti, na kichupa cha kawaida cha mililita 10 kina uniti 1,000, kwa hiyo mtu mzima anayetumia uniti 40 kwa siku humaliza kichupa kimoja katika siku 25 na hulazimika kufungua cha pili kabla mwezi haujaisha.

Kabla ya mwaka 1922 hesabu hiyo haikuwepo, kwa maana mtoto aliyegundulika kuwa na ugonjwa huu alikuwa akisubiri kifo. Katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best, wakifanya kazi katika maabara ya John Macleod na kwa msaada wa mwanakemia James Collip, waliifikia insulini mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa nayo. Mwaka uliofuata hataza ya uvumbuzi huo, yaani haki ya kisheria inayompa mvumbuzi uwezo wa kuwazuia wengine kuutengeneza, ilikabidhiwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa malipo ya dola 1 kwa kila mhusika. Nia ilikuwa wazi: dawa ya kuokoa maisha isiwe mali ya mtu mmoja.

Nia hiyo haikushindwa kwa kuvunjwa waziwazi, ila ilizungukwa. Insulini ya kwanza ilitoka katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni, na hiyo ikawa dawa ya kwanza ya aina hiyo kuingia sokoni. Kisha, kuanzia mwaka 1996, zikaja insulini analogi, ambazo molekuli yake imebadilishwa kidogo ili ifanye kazi haraka zaidi au idumu mwilini kwa muda mrefu zaidi. Kila hatua ilikuja na hataza zake, si za dawa peke yake bali pia za kalamu ya kuchomea, ambayo ni kifaa chenye insulini ndani yake na kipimo cha kuzungusha kwa kidole. Aidha, kwa kuwa insulini hutengenezwa na viumbe hai badala ya kuchanganywa kama kidonge, kiwanda kingine kinachotaka kutoa dawa inayofanana nayo hutakiwa kuthibitisha mengi kuliko anayenakili kidonge cha shinikizo la damu, na gharama ya uthibitisho huo imewazuia wengi. Ndiyo maana, miaka 100 baada ya hataza ile ya dola 1, makampuni matatu, Eli Lilly ya Marekani, Novo Nordisk ya Denmark na Sanofi ya Ufaransa, yalikuwa yameshika zaidi ya asilimia 90 ya thamani ya soko la insulini duniani.

Marekani ndiko matokeo yake yalikoonekana kwa ukali zaidi. Kichupa cha insulini aina ya Humalog, kilichoanza kuuzwa mwaka 1996 kwa takriban dola 21, kilikuwa kimefikia takriban dola 275 mwaka 2019, ilhali kilichomo ndani hakikuwa kimebadilika. Sehemu ya sababu ilikuwa mfumo wa madalali wa bima, yaani makampuni ya kati yanayopanga dawa zipi ziwemo katika orodha ya bima, ambayo hudai punguzo kutoka kwa mtengenezaji na hivyo kumpa kila upande sababu ya kutaka bei iliyotangazwa iwe juu, huku anayelipa bei hiyo kamili akiwa ni yule asiye na bima au mwenye bima dhaifu. Watu walianza kuungaunga dozi, wakichoma uniti pungufu ili kichupa kifike mwisho wa mwezi, na baadhi yao walikufa. Kelele za umma hatimaye zilizaa sheria ya mwaka 2022, iliyoweka ukomo wa dola 35 kwa mwezi kwa wanachama wa bima ya wazee ya serikali, na mwaka 2023 makampuni yote matatu yalitangaza kushusha bei za baadhi ya insulini zao kwa asilimia 70 au zaidi.

Kilichofuata hakijapewa uzito unaostahili. Mnamo Novemba 2023, miezi michache baada ya kutangaza punguzo lake, Novo Nordisk ilitangaza kwamba ingeacha kuuza Marekani insulini yake ya Levemir, ambayo hufanya kazi kwa muda mrefu na ambayo matumizi yake kwa wajawazito yalikuwa yamechunguzwa kwa kina. Kalamu zake zilikoma mwaka 2024, na vichupa vikakoma mwishoni mwa mwaka huo huo. Kanuni za malipo ya serikali zilikuwa zimebadilika kiasi kwamba bei ya juu isiyoshuka ingeligharimu kampuni, na bei iliposhuka bidhaa ikapoteza mvuto wake. Mgonjwa aliyezoea Levemir kwa miaka mingi, akijua uniti ngapi zinamtosha siku ya kazi na ngapi siku ya mapumziko, alilazimika kuanza upya na dawa nyingine. Bei ilikuwa imeshuka kweli, lakini hakuna sheria iliyomtaka muuzaji aendelee kuuza.

Afrika Kusini ililiona jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Tangu mwaka 2014 hospitali za umma nchini humo zilikuwa zikiwapa wagonjwa kalamu za insulini ya binadamu zilizotoka Novo Nordisk, na mkataba ulipokwisha kampuni haikuomba upya zabuni hiyo, ikieleza kwamba uwezo wake wa uzalishaji una ukomo. Mwaka 2024 wagonjwa wakarudishwa kwenye vichupa na mabomba ya sindano. Watetezi wa wagonjwa walikumbusha kwamba katika miaka hiyo hiyo kampuni ilikuwa ikihangaika kutosheleza mahitaji makubwa ya semaglutide, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito ambayo nayo huuzwa katika kalamu na kwa bei iliyo juu zaidi. Kwa mtu mwenye macho mazima, kurudi kwenye bomba huenda kukaonekana ni usumbufu mdogo. Hata hivyo kisukari chenyewe huharibu macho, na mzee asiyeona vizuri mistari myembamba ya bomba la sindano anaweza kuvuta uniti 30 akidhani ni 20, kosa ambalo huishusha sukari hadi kupoteza fahamu, wakati kalamu humwezesha kuhesabu mibofyo kwa kusikia. Mtoto wa shule anayepaswa kujichoma mbele ya wenzake anaijua tofauti hiyo vizuri zaidi kuliko mchumi yeyote.

Katika Afrika Mashariki suala hili lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1992 watafiti wa Dar es Salaam, wakiongozwa na Chale pamoja na Swai, Mujinja na McLarty, walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza hesabu ya gharama za kumtibu mgonjwa wa kisukari nchini Tanzania katika miaka ya 1989 na 1990, na walikuta kwamba anayehitaji insulini aligharimu wastani wa dola 287 kwa mwaka, ambapo takriban dola 156 zilikuwa za insulini peke yake, katika nchi ambayo matumizi ya serikali kwa afya ya kila mwananchi yalikuwa dola chache tu kwa mwaka. Wakati huo ugonjwa wenyewe ulionekana kuwa wa wachache, kwani utafiti uliofanywa vijijini katika miaka ya 1980 ulikuta takriban mtu 1 katika kila watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, ambao ulihusisha miji na vijiji na hivyo haulinganishwi moja kwa moja na ule wa awali, ulikuta asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Kwa maneno mengine, swali lililoulizwa kwa ajili ya wachache limebaki bila jibu huku waulizaji wakiongezeka.

Kinachostaajabisha ni kwamba bei ya kiwandani kwa nchi maskini siyo kikwazo kikubwa tena kama ilivyokuwa. Novo Nordisk imejiwekea ukomo wa dola 3 kwa kichupa cha insulini ya binadamu inapouza kwa serikali za nchi zenye kipato cha chini, lakini kutoka bandarini hadi mkononi mwa mgonjwa kichupa hicho hupitia kwa msambazaji, muuzaji wa jumla na duka la dawa, na kila mmoja huongeza chake. Nchini Kenya ulianzishwa mpango wa kuikata njia hiyo, ambapo kampuni, wasambazaji na hospitali za mashirika ya dini walikubaliana juu ya faida ya kila hatua ili kichupa kimfikie mgonjwa kwa bei isiyozidi shilingi 500, na mpango huo ulithibitisha kwamba sehemu kubwa ya bei ilikuwa imeongezwa njiani. Hata hivyo mpango hutegemea ridhaa ya waliouanzisha, na hauwezi kuzuia mtikisiko wa fedha: shilingi ya Kenya ilipoporomoka hadi takriban 160 kwa dola mwanzoni mwa mwaka 2024, kila kitu kilichoagizwa kwa dola kilipanda, ziwemo sindano na vifaa vya kupimia ambavyo mpango haukuvigusa.

Vifaa hivyo vya kupimia vinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu insulini bila kipimo ni sawa na kuendesha gari gizani. Mgonjwa hutumia mashine ndogo inayosoma tone la damu lililowekwa juu ya kijiti cha kupimia, ambacho wengi hukiita stripu, na kijiti kikishatumika mara moja hutupwa. Mashine yenyewe mara nyingi hutolewa bure au kwa bei nafuu, ila husoma vijiti vya mtengenezaji wake tu, na kwa hiyo anayekubali zawadi ya mashine amekwisha kuchaguliwa duka la maisha yake yote. Duka hilo likikosa vijiti, au bei yake ikipanda, mashine iliyo mezani haina kazi. Wagonjwa wengi wa kipato cha chini hujikuta wakipima siku ya kliniki tu, na siku nyingine zote hukisia dozi kwa kuangalia kiu, uchovu na idadi ya safari za chooni.

Zaidi ya hapo kuna mlango wa umri. Tangu mwaka 2009 mpango mmoja wa kimataifa umekuwa ukiwapa watoto wenye kisukari cha aina ya 1 insulini, mashine na vijiti bila malipo katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, na ni haki kusema kwamba bila mpango huo watoto wengi wasingekuwa hai. Uzito wa hilo hueleweka zaidi kwa kukumbuka kwamba utafiti uliofanywa Msumbiji mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kuwa mtoto wa kijijini aliyeanza kuugua kisukari cha aina ya 1 alikuwa na matarajio ya kuishi yasiyofikia mwaka mmoja. Lakini msaada uliopangwa kwa ajili ya utoto una mwisho, na kijana anapovuka umri uliowekwa, mara nyingi akiwa chuoni au akitafuta kazi ya kwanza, huhamishwa kutoka katika orodha ya wanaopewa na kuingia katika foleni ya wanaonunua. Ugonjwa wake haujabadilika hata kidogo.

Bima ya afya ilitarajiwa kuwa daraja la kumvusha kijana huyo, na hapa ndipo kupungua kwa machaguo kunapochukua sura ya kiutawala. Nchini Tanzania, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao Machi 1, 2024, yaani orodha mpya ya huduma na bei ambazo mfuko ungelipa, hospitali binafsi zilizoona bei hizo hazitoshi zilisitisha huduma kwa wanachama wake, na mgonjwa aliyekuwa na kadi halali akajikuta na mahali pachache pa kuitumia. Nchini Kenya, mamlaka mpya ya afya ya jamii ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani Oktoba 1, 2024 kwa mchango wa asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na ajira rasmi alitakiwa hapo mwanzo kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa mwenye mshahara hayo ni makato ya kawaida, ilhali kwa muuza mboga ambaye fedha zake huingia na kutoka siku hiyo hiyo, kukusanya shilingi 3,600 kwa pamoja huku akinunua insulini kila mwezi ni mtihani mzito. Mifuko yote miwili ina shida za kweli za kifedha na si haki kuihukumu kana kwamba ina hazina isiyoisha. Ukweli unabaki kwamba shida hizo zinapohitaji kutatuliwa, mgonjwa wa kudumu, ambaye ndiye hutumia huduma mara nyingi zaidi, ndiye anayehisi kwanza.

Na pale ambapo bima haifiki, sauti inayosikika kwenye dirisha la dawa ni ile ile tangu miaka mingi: dawa imekwisha, kanunue nje. Sera ya afya ya Tanzania inatambua msamaha wa malipo kwa baadhi ya magonjwa sugu, lakini msamaha huo unahusu dawa iliyopo rafuni, na kwa dawa isiyokuwepo unabaki kuwa maandishi. Ni vyema hili lisemwe bila kuzunguka, kwa sababu takwimu za msamaha hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba maskini wamelindwa.

Hata kanuni za kitabibu huweza kupunguza machaguo bila kukusudia. Kwa miongo mingi ilifundishwa kwamba insulini lazima ikae kwenye friji, kati ya nyuzi joto 2 na 8, na kwa sababu hiyo mgonjwa asiye na umeme, ama katika kijiji cha Lindi ama katika kambi ya wakimbizi, alitakiwa kufika kituo cha afya kila siku ili kuchomwa. Mwaka 2021 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na hali halisi ya joto katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ukionyesha kwamba insulini iliyokwisha kufunguliwa ilibaki na nguvu yake kwa wiki 4 katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama inavyokuwa katika nyumba iliyopozwa kwa njia za kawaida. Kwa ugunduzi huo, ambao haukuhitaji dawa mpya wala mashine mpya, mgonjwa aliweza kukabidhiwa kichupa chake na kubaki nyumbani akifanya kazi.

Mfano wa Dagahaley unaonyesha njia ambayo serikali za ukanda huu zingeweza kuifuata kwa upana zaidi. Insulini ya binadamu ina watengenezaji nje ya yale makampuni matatu, wakiwemo wa India, na mwishoni mwa mwaka 2022 Eli Lilly na kampuni ya EVA Pharma ya Misri zilitangaza makubaliano yenye lengo la kuzalisha insulini kwa watu wasiopungua milioni 1 kwa mwaka ifikapo 2030, hasa barani Afrika; Shirika la Afya Duniani nalo limefungua utaratibu wa kuthibitisha ubora wa insulini kutoka viwanda mbalimbali, ili nchi ndogo isilazimike kumwamini muuzaji mmoja kwa kuwa ndiye pekee inayemfahamu. Bohari ya Dawa ya Tanzania na mamlaka ya ununuzi wa dawa ya Kenya zikinunua kwa pamoja, kwa mikataba ya miaka kadhaa inayogawa oda kwa watengenezaji wawili au zaidi na inayomtaka kila mmoja atoe taarifa ya mapema kabla ya kuondoa bidhaa, zitakuwa zimemrudishia mgonjwa ile nguvu ya kukataa ambayo peke yake hana. Mikataba hiyo ijumuishe vijiti na sindano, kwa sababu dozi isiyopimwa na isiyo na bomba safi haimtibu mtu.

Fedha zinazohitajika zinajulikana. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018, yaliyojumlisha gharama za uzalishaji na faida ya mtengenezaji, yalionyesha kwamba insulini ya binadamu inaweza kuuzwa kwa dola 48 hadi 71 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima, kiasi ambacho hakifikii nusu ya kile ambacho watafiti wa Dar es Salaam walikikuta kikilipwa kwa dawa hiyo hiyo mwaka 1990.